Mikono ya Komeo

Jirani zangu, na ninyi mnaonisikia leo kwa mara ya kwanza, sogeeni niwaeleze habari ya nyumba moja. Watu wake nilikula nao, nikafua nao, na mtoto wao nilimbeba mimi kutoka hospitali. Nikipandisha sauti mahali mnisamehe. Nimefua mashuka ya nyumba za wageni miaka mingi, na mtu aliyezoea kuongea juu ya mngurumo wa mashine hajui tena kunong'ona.

Ilikuwa Jumapili alasiri, jua limepoa. Uani kwetu kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka meupe yaliyokauka vizuri. Mdogo wangu alikuwa amejifungua, hata mwezi haujatimia. Namwita mdogo wangu ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Tulikutana kazini, mimi mfuaji, yeye mpiga pasi, na hakuna aliyemshinda kunyoosha kola. Siku hiyo nilimwambia akae. Akakataa. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja, akasema, na mume wangu akishika upande mmoja lazima na mimi nishike wa pili.

Basi wakakunja. Mume anavuta huku, mke anavuta kule, kisha wanasogeleana kukutanisha pembe. Kila wakikutana mume anamnong'oneza kitu, na mke anacheka, "Toka hapa, watu wapo!" Watu wenyewe ni mimi na kichanga chao kilicholala kwenye beseni la nguo. Kichanga hicho cha kike tulikipa jina la utani, Kibogoyo, kwa sababu kilikuwa kinapiga miayo mikubwa kama bibi asiye na jino hata moja. Niliwatazama nikamwomba Mungu awaache hivyo hivyo.

Kwenye shuka la mwisho mdogo wangu alipiga hatua, akasimama ghafla, akashika nguzo ya kamba.

"Nini?" mume akauliza.

"Mguu. Huku nyuma, kwenye kigimbi. Tangu asubuhi unanivuta."

"Kaa chini. Huo ni msuli." Tayari alikuwa anakimbilia ndani kuchukua mkoba wake.

Sasa huyu mume ni nani, na mkoba huo una nini? Alikuwa golikipa. Tena si golikipa wa kubahatisha. Alidakia klabu kubwa, ile ambayo ikifungwa mji mzima unalala bila kula. Mashabiki walimpa jina Komeo, kwa sababu alipolifunga lango lilikuwa halifunguki. Watoto walimwiga mitaani. Wauza matunda hawakukubali kumwona anapita bila kumtupia chungwa, walau wamwone akilidaka.

Kisha siku moja aliruka akaangukia bega. Likatoka, likarudishwa. Likatoka tena. Mara ya tatu daktari wa timu akatazama picha za mifupa akamwambia, "Kijana, hapa umefika." Alikuwa hajatimiza miaka ishirini na saba. Fikirini, jamani. Katika umri huo seremala ndiyo kwanza anaaminiwa kutengeneza kitanda cha harusi, mwalimu ndiyo kwanza anaacha kutetemeka mbele ya darasa. Yeye aliambiwa kazi yake imekwisha. Klabu walimfanyia sherehe ndogo, wakampa picha yake iliyowekwa kwenye fremu, na mechi iliyofuata alisimama kijana mwingine golini, nasi sisi mashabiki tukaanza kumtafutia huyo mwingine jina la utani.

Nilimhurumia, na bado namhurumia. Lakini huruma haizuii kusema ukweli. Mwalimu wa michezo wa shule ya jirani alimfuata akamwomba awafundishe watoto kudaka. Komeo akasema, "Nife kwanza." Tajiri wetu wa dobi alitaka dereva wa gari la kusambaza mashuka. Komeo akauliza kama ni yeye atakayeonekana getini na mafurushi ya mashuka kichwani. Kila alfajiri alivaa traksuti ya klabu akakimbia kuzunguka mtaa, kisha akakaa kwa kinyozi kusimulia penalti alizookoa. Nyumba ilisimama kwa pasi ya mke wake, na mke hakuwahi kumsimanga hata kwa jicho.

Kulikuwa na jambo moja lililomwuma kuliko bega. Zamani akiugua alitibiwa na daktari wa klabu, chumba chake, kitanda chake, anaingia na kutoka kama mfalme. Baada ya kuachwa, alishikwa na homa, akaenda hospitali ya watu wote. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka jicho langu. Benchi limejaa. Mpagazi mmoja wa sokoni alipomwona akapaza sauti, "He! Komeo! Na wewe umepanga foleni na sisi?" Watu wakacheka. Nawaapia, kicheko kile hakikuwa na ubaya ndani yake. Walifurahi kumwona mtu wao. Lakini yeye alisikia kingine. Aliinuka kabla ya kuitwa, akaenda kuitolea homa jasho nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga pale. Hata mke wake alipojifungua, nilimpeleka mimi. Yeye alisimama nje ya geti, kofia imemfunika macho. Muuguzi alipomwambia mzazi arudi baada ya wiki moja akaangaliwe, Komeo alimwuliza mkewe, "Si unajisikia vizuri? Sasa unakwenda kukaa kwenye yale mabenchi kutafuta nini?" Naye hakwenda.

Na huo mkoba? Ulikuwa wa huduma ya kwanza, aliopewa na mchuaji misuli wa timu walipoagana. Ndani mlikuwa na bandeji za kuvutika, dawa ya baridi ya kupulizia na chupa za mafuta. Miaka yote ya klabu alikuwa akimtazama yule mchuaji kazini, na mikono yake mwenyewe ilikuwa mikubwa, yenye joto. Akaanza na mpagazi aliyekamatwa kiuno. Akamchua, mpagazi akaondoka amenyooka. Akaja fundi wa baiskeli na kifundo cha mguu. Akaja mama muuza vitambaa na shingo. Baada ya muda mtaa mzima ulikuwa unasema, "Komeo ana mikono!" Ndugu zangu, mtu aliyezoea kushangiliwa na uwanja, akisikia makofi ya watu watatu huyafuata hayo hayo. Pale kwenye mafuta na bandeji alijiona tena mtu. Na kweli alisaidia wengi. Sitamnyima haki yake.

Ndiyo maana Jumapili ile alitoka na mkoba mbio. Akampulizia mkewe dawa ya baridi, akamfunga bandeji, akamwambia, "Kigimbi kimevuta. Umesimama mno. Baada ya siku mbili utaruka kamba."

Kesho yake nilipita kumsalimia mdogo wangu nikaufunua ule mguu. Ulikuwa umevimba mmoja, wa kushoto, ngozi imevutika inang'aa. Niliuweka kiganja. Ulikuwa wa moto kuliko mwenzake.

"Shemeji," nikamwita mume. "Huu mguu si wa kuchua. Mpeleke hospitali."

Alikuwa anapasha mafuta kwenye bakuli la maji ya moto. Hakukasirika, alitabasamu. "Shemeji, mambo ya sabuni nitakuuliza wewe. Misuli niachie. Nimekaa na madaktari wa timu tangu sijaota ndevu. Nimeona vigimbi vimevimba kuliko hiki, na Jumamosi mwenyewe anacheza."

"Wale hawakuwa wametoka kuzaa."

"Msuli ni msuli."

"Na moto huu?"

"Damu inatembea. Ndiyo dalili ya kupona."

Nikamwambia kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Akacheka, akaniambia mimi nina maneno kama redio. Alikuwa mpole, mnielewe. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, hakumnyima mkewe chakula. Laiti angekuwa mkorofi ningeita majirani tukamwondoa mwanamke kwa nguvu. Ni shida kubwa kumwokoa mtu anayeangamizwa na mapenzi.

Alipotoka kwenda kwa kinyozi nilifunga mlango nikakaa kitandani.

"Nambie wewe mwenyewe. Unausikiaje huo mguu?"

Mdogo wangu alikuwa ananyonyesha. Alimhamishia mtoto titi la pili. "Dada, najua si msuli. Mimi si mjinga. Nimesimama kwenye pasi miaka yote, naujua msuli ukivuta ulivyo."

"Basi inuka twende."

"Jana alipokuwa ananifunga bandeji alikuwa anaimba."

"Anaimba nini na wewe unaumia?"

"Unajua tangu lini sijamsikia akiimba? Tangu bega lile. Usiku anaamka anakaa tu, anatazama mikono yake. Sasa watu wanakuja wanamwita, wanamshukuru. Nikitoka mimi, mke wake, nikaenda kuonyesha mguu kwa watu wengine, si nimemwambia mbele ya mtaa kwamba na mikono nayo imekwisha?"

"Kwani kipi kina thamani, mikono yake au mguu wako?"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Ukisema hivyo nitakosa jibu."

Nilimshika mkono kumvuta. Akanirudishia mkono wangu polepole. "Kesho," akasema. "Akienda kukimbia alfajiri, tutaondoka mimi na wewe na Kibogoyo. Akirudi atakuta tumekwenda na tumerudi, hakuna aliyeaibika. Kesho, dada, naapa."

Nikakubali kesho. Jioni ile ile nilizungumza na dereva wa gari la mashuka, naye akaahidi kutupitia.

Alfajiri Komeo hakukimbia. Aliamka akaona mke wake anachechemea zaidi, moyo ukamwuma, akasema leo naumaliza mimi mwenyewe. Gari lilipofika nilimkuta amepiga magoti, mguu wa mke uko mapajani mwake, anaukanda kwa vidole gumba kutoka kwenye kifundo kupandisha juu, kwa nguvu, kama alivyoona wakifanyiwa wachezaji wakati wa mapumziko. Mdogo wangu aliniona mlangoni. Alinikonyeza, kama kusema ngoja amalize tu, kisha twende.

"Vipi sasa?" mume akamwuliza.

"Umekuwa mwepesi," akajibu. Alisema hivyo kumfurahisha. Akainuka, akatoka uani, akanyoosha mkono kuanua nepi moja kwenye kamba. Mkono ulifika kwenye nepi ukarudi ukashika kifua.

"Dada. Pumzi haifiki."

Nilimdaka kabla hajafika chini. Komeo alitoka bila viatu, mafuta yanamchuruzika viganjani. Akamnyakua kwangu akamkimbiza kuelekea kwenye gari, na pale mlangoni bega lake lilitoka. Nililisikia. Lilitoa sauti ya ubao unaobanduliwa msumari. Hakumwachia. Alimbeba mke wake kwa bega lililotoka mpaka ndani ya gari, kati ya mashuka ya watu, huku anarudia, "Nipo, nipo, nipo hapa."

Hospitali, foleni ilikuwa ndefu kama siku zote. Walipotuona, watu wa foleni waliinuka wenyewe wakatupisha. Kuna mtu alishika mlango. Kuna mama alinipokea mtoto. Hakuna aliyemwita Komeo, hakuna aliyecheka.

Hatukukaa sana. Daktari alitoka, mwanamke kijana, uso umechoka. Alituangalia sote wawili, kisha akaitazama mikono ya mume.

"Nani alikuwa anauchua mguu wake?"

"Mimi."

"Wewe ni mganga? Ni mtaalamu wa misuli?"

"Hapana. Mimi ni..." Akasita. "Mimi ni mume wake."

Daktari alimkalisha, naye akakaa karibu yake. Akatuambia mdogo wangu amefariki. Akaeleza kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua damu yake huweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Mguu huvimba mmoja, huuma, hupata joto. Bonge hilo la damu likibanduka husafiri hadi mapafuni na kuziba njia. "Sitakudanganya," akasema. "Labda lingebanduka hata bila kuguswa. Lakini mguu wa namna hiyo hauchuliwi kabisa."

"Ningemleta jana?" mume akauliza.

Daktari akamgeukia. "Jana tungekuwa na dawa ya kumpa."

Nilimwona Komeo akiiangalia mikono yake. Alianza kuifuta kwenye traksuti, anafuta, anafuta, mafuta hayatoki. Ilibidi nimshike.

Baada ya mazishi alikaa chumbani. Bega lilirudishwa, akili haikurudi. Mtoto akilia alikuwa anageukia ukutani. Nikimpelekea anasema, "Mikono hii, shemeji? Mnampa mtoto mtu mwenye mikono hii?" Ule mkoba aliutupa jalalani, na aliokuwa akiwatibu walipopita kumpa pole hakufungua mlango.

Aliyeufungua ni mama mkwe wake. Mwanamke mfupi, kimya, macho yamevimba kwa kumlilia mwanawe. Aliingia, akamfungua mtoto mgongoni, akamweka kwenye mapaja ya baba yake bila kuomba ruhusa.

"Mama, usinipe," Komeo akasema. "Mimi ndiye niliyemuua."

"Mwanangu ulimpenda. Najua, aliniambia kila siku. Ndiyo maana hata kukuchukia siwezi." Bibi alijifuta kwa ncha ya kanga. "Ningekuchukia ningepumzika, baba. Mshike mtoto wako, mimi nimechoka."

Akamshika. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Siku iliyofuata alikuja kuniuliza kliniki ya watoto inafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia nitampeleka mimi. Akasema, "Hapana, shemeji. Nionyeshe tu mahali pa kukaa."

Nilimsindikiza. Alikuwa mwanaume pekee pale, bila traksuti, bila kofia, mtoto kifuani na chupa ya maziwa mfukoni. Wanawake walimtazama, wakasogea, wakamwachia nafasi. Mmoja akamrekebishia kitambaa cha mtoto shingoni. Alikaa kwenye benchi lile alilolikimbia, akasubiri zamu yake, na hakikutokea chochote. Hicho ndicho kilichoniuma moyo, ndugu zangu. Hakikutokea chochote.

Muuguzi alipomwita akauliza kama wanavyouliza wote, "Mama yake yuko wapi?"

Komeo angeweza kusema amefariki, ikatosha. Aliongea kwa sauti, benchi zima likasikia. "Mama yake aliambiwa aje hapa baada ya wiki moja. Mimi nikamzuia, kwa sababu niliona aibu watu kuniona kwenye foleni. Amekufa kwa aibu yangu."

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alimchukua Kibogoyo akamlaza kwenye mizani, akasubiri mshale utulie.

"Mtoto ameongezeka uzito, baba," akasema.

Hapo ndipo Komeo alipolia. Alilia amesimama, mbele ya wanawake wote wale, na mtoto alipoletwa alimpokea kwa mikono yote miwili.

MAFUNZO

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika nyumba hii lilitokea baya zaidi: mmoja alificha, akafa mwingine.

Ninyi vijana mnaoishi kwa mwili, wachezaji, mabondia, wakimbiaji, sikieni. Mwili hauna mkataba na mtu. Siku utakaposema basi, kubali kazi nyingine mapema, hata kama ni ya kubeba mashuka. Komeo leo ndiye dereva wa gari lile lile, na mafurushi anayashusha getini mchana kweupe. Watu wanamsalimia wanapita. Angeikubali kazi hiyo siku ya kwanza, asingehitaji mguu wa mke wake ili ajione mtu.

Na sisi mashabiki tujiangalie. Tunajua kumbeba mtu mabegani akishinda. Akianguka tunamwachia fremu ya picha. Mchezaji aliyestaafu anahitaji rafiki wa kumwambia ukweli kuliko anavyohitaji mtu wa kumkumbusha penalti.

Waume, sifa za mtaani si elimu ya udaktari. Wake, msilinde heshima ya mume kwa uhai wenu. Mume anayekupenda atavumilia aibu, kifo chako hatakivumilia. Na mzazi yeyote aliyetoka kujifungua akivimba mguu mmoja, ukiuma na kupata joto, usiuchue, usiupake, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akaangaliwe, hata kama mtapanga foleni mpaka jua lizame.

Msiniulize kama Komeo amepona. Anafanya kazi, anamlea mtoto wake vizuri. Lakini akipiga hodi kwangu Jumapili nimsaidie kukunja shuka kubwa, mimi nashika upande mmoja, yeye wa pili, na tukisogeleana kukutanisha pembe anageuza uso pembeni, nami naangalia chini.